Kuchagua Mlinzi Mtoni Tana: Mafungamano ya Wazungu na Jamii za Wenyeji, 1867–1925

Historia ya kuingia kwa ukoloni katika Afrika ya Mashariki imezoeleka kusimuliwa kwa makundi mawili, yaani waliopigana na Wazungu na waliowasaidia, na kwa kawaida kundi la kwanza huvikwa taji la ushujaa huku la pili likibebeshwa lawama ya usaliti. Mgawanyo huo, hata kama unafaa mahali ambapo dola moja ya Kiafrika ilikabiliana na jeshi moja la Kizungu, hauwezi kueleza yaliyotokea katika bonde la Mto Tana, kuanzia Nanighi na Bura upande wa juu hadi Ngao, Golbanti na Kipini karibu na bahari. Huko hapakuwa na upande mmoja wa Waafrika wala upande mmoja wa Wazungu. Palikuwa na Wapokomo, Waorma, Wasomali, Waboni, Waswahili wa Witu na watumwa waliotoroka mashamba ya pwani, kila jamii ikiwa na hasimu wake wa karibu; na palikuwa na Wajerumani, Waingereza na wamishenari wa madhehebu mbalimbali, ambao nao walikuwa wakishindana wao kwa wao. Katika hali hiyo zilikuwepo jamii zilizotia saini mkataba na taifa moja la Ulaya na kuchomewa mji na taifa jingine katika muda usiozidi miaka sita.

Neno mafungamano linatumika hapa kwa maana ya mapatano, yawe ya maandishi, ya kiapo au ya desturi tu, ambayo kwayo jamii mbili zisizo chini ya dola moja huafikiana kusaidiana kwa silaha, chakula, njia au hifadhi dhidi ya mtu wa tatu. Hoja inayoshikiliwa katika uchambuzi huu ni kwamba thamani ya mafungamano kwa jamii za Tana haikuwa katika wema wa rafiki aliyechaguliwa, bali katika uwezo wa kumwacha na kumtafuta mwingine hali ilipobadilika. Kwa karne kadhaa uwezo huo ulikuwepo. Wazungu waliupunguza kuanzia 1885 na wakauondoa mwaka 1890, na hawakuuondoa kwa kuwashinda wenyeji vitani, bali kwa kukubaliana wao kwa wao kwamba kila taifa litakaa katika eneo lake na halitampokea mtu wa eneo la mwenzake. Vita vilifuata baada ya makubaliano hayo, na vilikuwa vita vya kuwafahamisha wenyeji kwamba hakuna tena wa kumwendea.

Ili mambo hayo yaeleweke, ni lazima kwanza ijulikane nani alikuwa akimwogopa nani. Wapokomo walilima mpunga, mahindi na ndizi kwenye kingo ambazo mto huzifurika, na kwa kuwa shamba lao lilitegemea mafuriko, hawakuweza kuhama hatari ilipokuja. Walichoweza ni kuvuka kwa mitumbwi kwenda ukingo wa pili na kusubiri. Hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na gasa, yaani baraza la wazee, ambalo nguvu yake iliambatana na ngadzi, ngoma kubwa ya siri ambayo sauti yake ilisikika na wengi na umbo lake likaonwa na wachache. Upande wa juu, maeneo ya Nanighi na kuelekea Garissa, waliishi Wapokomo wa Malankote pamoja na Wamunyoyaya, ambao huitwa pia Wakorokoro, watu wa mto kwa kazi zao lakini wasemaji wa lugha ya Kiorma. Nyikani, pande zote mbili za mto, walichunga Waorma, ambao katika maandishi ya wakati ule waliitwa Wagala, jina wasilolipenda wenyewe. Waorma walikuwa zamani mabwana wa nchi yote iliyo kati ya Mto Juba na Mto Sabaki, lakini katika miaka ya 1860 walishambuliwa na Wasomali kutoka kaskazini na Wamasai kutoka magharibi, ndui ikawamaliza nguvu, na waliobaki upande wa mashariki wakaingia chini ya koo za Kisomali kwa utaratibu wa sheegat, ambao ni desturi ya mnyonge kujiunga na ukoo wenye nguvu, kulindwa nao, na kulipa ulinzi huo kwa utii na mifugo. Misituni waliishi Waboni na Wasanye, wawindaji ambao kila mtu aliwahitaji kwa pembe za ndovu na kwa elimu yao ya njia.

Kumkaribisha mgeni mwenye silaha ili amtishe jirani halikuwa jambo geni katika pwani hii. Mtawala wa Malindi alimpokea Vasco da Gama mwaka 1498 kwa sababu Mombasa ilikuwa hasimu wake, na mafungamano hayo yaliyodumu karibu karne nzima yaliwalipa watu wa Malindi, kwani Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 nasaba ya Malindi ilihamishiwa Mombasa na kuwekwa katika kiti cha mahasimu wake. Hata hivyo mjukuu wa kisiasa wa ushindi huo, Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na kubatizwa Goa, aliasi mwaka 1631 na kuwaua Wareno ndani ya ngome, kwa kuwa rafiki alikwishakuwa bwana. Karne mbili baadaye Wamazrui wa Mombasa, wakimkimbia Sayyid Said wa Omani, walimwomba nahodha Mwingereza W. F. W. Owen awape ulinzi. Bendera ikapandishwa mwaka 1824 na kuteremshwa mwaka 1826, kwa sababu London ilikuwa na haja zaidi na urafiki wa Sayyid Said kuliko wa Wamazrui. Tukio la Owen ni fupi, na kwa kawaida hupitwa haraka katika vitabu, lakini ndani yake mlikuwa tayari na kila kitu ambacho kingewapata watu wa Witu: mlinzi aliyetafutwa na wenyeji wenyewe, ahadi iliyotolewa na mtu aliye mbali na wakubwa wake, na uamuzi wa mwisho uliotoka katika mji ambao mwenye kulindwa hakupata kuuona.

Witu ndiyo kisa kikubwa cha bonde hili na inastahili kuangaliwa kwa kirefu. Ahmed bin Fumo Luti, aliyejulikana kwa lakabu ya Simba, alikuwa wa ukoo wa Nabahani uliotawala Pate, na baada ya Zanzibar kuvishika visiwa vya Lamu alihamia bara akajenga mji kando ya msitu, si mbali na Kipini. Nguvu ya Witu haikutokana na nasaba yake peke yake. Ilitokana na watoro, yaani watumwa waliokimbia mashamba ya Lamu na ya bara iliyokabili visiwa, ambao Ahmed aliwapa ardhi na usalama, nao wakamlipa kwa kubeba silaha. Hivyo Witu ilikuwa kwa wakati mmoja kimbilio na tishio: kimbilio kwa mtumwa, na tishio kwa wenye mashamba na kwa Wapokomo, ambao walitozwa nafaka na watu wa Witu na kushambuliwa walipochelewa. Anayesoma habari za Witu kama dola ya wanyonge peke yake, au kama pango la wanyang'anyi peke yake kama maofisa wa Kiingereza walivyopenda kuandika, anaona nusu tu ya jambo.

Ahmed alikuwa na adui mmoja asiyeweza kumshinda, naye alikuwa Sultani wa Zanzibar, na nyuma ya Sultani walisimama Waingereza. Kwa hiyo alipofika Richard Brenner mwaka 1867, Mjerumani aliyekuja kutafuta habari za msafara wa Karl von der Decken aliyeuawa Bardera mwaka 1865, Ahmed alimwomba apeleke ombi la ulinzi kwa mfalme wa Prussia. Tarehe hiyo ina uzito mkubwa. Ni miaka 17 kabla ya mkutano wa Berlin wa 1884–1885, wakati ambapo Ujerumani kama dola moja ilikuwa haijaundwa, na mwenye kuomba alikuwa Mwafrika aliyekwisha kupima vizuri kwamba taifa la Ulaya lisilo na urafiki na Zanzibar ndilo litakalomfaa. Ombi halikuzaa kitu. Mwaka 1878 ndugu Clemens na Gustav Denhardt, pamoja na Dk. Gustav Fischer, walipanda Mto Tana kwa uchunguzi, na Clemens aliporudi mwaka 1885 alikuta majeshi ya Sultani Barghash yakijiandaa kuishambulia Witu. Tarehe 8 Aprili 1885 Ahmed alimuuzia eneo la ardhi, na tarehe 27 Mei serikali ya Ujerumani ikatangaza himaya juu ya Witu. Himaya ni hali ambayo mtawala wa nchi hubaki na cheo chake huku mambo yake ya nje yakishikwa na taifa linalomlinda. Mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani chini ya kamanda wao Paschen zilitia nanga mbele ya kasri la Zanzibar, na Barghash hakuwa na njia ila kukubali.

Karatasi ile moja ilisomwa kwa namna tatu. Kwa Ahmed ilikuwa ngao: alitoa kipande cha ardhi, na kwa malipo hayo majeshi ya Zanzibar yakarudi nyuma, jambo alilolitafuta kwa miaka 18. Kwa Denhardt ilikuwa mali, na mwaka 1887 haki hizo ziliangukia mikononi mwa kampuni ya Kijerumani ya Witu. Kwa Berlin ilikuwa chambo cha kujadiliana na London. Hakuna sababu ya kudai kwamba Ahmed alidanganywa kwa kutojua maana ya mkataba. Alijua alichokihitaji na alikipata. Asichoweza kukijua ni kwamba kitu alichokiuza kilikuwa na bei katika soko ambalo yeye hakuwa mmoja wa wanunuzi wala wa wauzaji.

Kwa miaka minne hivi mafungamano hayo yalifanya kazi, na yalifanya kazi kiasi cha kumpa mrithi wa Ahmed, Fumo Bakari, ujasiri wa kudai ushuru kwenye mfereji wa Belezoni unaounganisha Tana na Mto Ozi, ambako mitumbwi ya nafaka ilikuwa lazima ipite. Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, ambayo ilikuwa kampuni ya biashara iliyopewa na serikali yake mamlaka ya kutawala, ililalamika. Wajerumani nao walidai haki ya forodha ya Lamu, na shauri hilo likapelekwa kwa msuluhishi Mbelgiji, Baron Lambermont, ambaye mwaka 1889 hakuwapa Wajerumani walichotaka. Kisha, tarehe 1 Julai 1890, Ujerumani na Uingereza zilitia saini mkataba ambao kwao Ujerumani ilipata kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini na kuachia, pamoja na mambo mengine, Witu. Fumo Bakari hakuwa katika mazungumzo hayo. Mlinzi aliyetafutwa na baba zake tangu 1867 aliwakabidhi kwa rafiki wa Zanzibar.

Yaliyofuata katikati ya Septemba 1890 yameelezwa mara nyingi kama fujo za watu wakali. Andreas Küntzel, Mjerumani aliyekuja na wenzake kufanya biashara ya mbao, aliingia Witu wakati mji una hasira, akanyang'anywa silaha, akagombana na walinzi wa lango na kumpiga mmoja risasi. Yeye na Wajerumani wengine kadhaa wakauawa. Kwa mtazamo wa sheria yalikuwa mauaji, na hakuna haja ya kuyapamba. Lakini tukio hilo halieleweki bila Julai ya mwaka huo, kwa sababu wageni waliouawa walikuwa ndio rafiki wa jana, na waliowaua walikuwa watu waliokwisha kutambua kwamba urafiki huo umeuzwa. Ujerumani ilidai wahusika waadhibiwe, na aliyetekeleza adhabu alikuwa mlinzi mpya: mwishoni mwa Oktoba 1890 Admirali Edmund Fremantle aliongoza mabaharia wa Kiingereza, askari wa Kihindi wa kampuni na wanajeshi wa Sultani wa Zanzibar, wakauteka mji wa Witu na kuuteketeza. Kwa Zanzibar hapo ndipo mafungamano yake na Waingereza yalipoleta tunda lililoshindikana tangu zama za Sultani Majid. Ila hata tunda hilo lilikuja na gharama, maana mwaka ule ule wa 1890 Zanzibar yenyewe iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza.

Msitu ulibaki. Fumo Bakari alifariki mapema mwaka 1891, na uongozi ukashikwa na Fumo Omari, ambaye aliendelea kupigana kutoka ngome za Pumwani na Jongeni, ndani ya vichaka ambamo bunduki za Wazungu hazikuona mbali. Watoro ndio waliokuwa na sababu kubwa zaidi ya kushikilia msitu, kwa kuwa amani chini ya Zanzibar ingeweza kumaanisha kurudishwa kwa mabwana. Katika mapatano ya Machi 1891 kampuni iliahidi kwamba utumwa katika Witu ungekwisha ifikapo Mei 1896. Lakini tarehe 31 Julai 1893, karibu miaka mitatu kabla ya siku ya kutimiza ahadi, kampuni ilijitoa Witu kwa kushindwa na gharama, na siku chache baadaye ofisa Mwingereza Rennell Rodd aliongoza jeshi kuzivunja ngome za msituni. Mwaka 1895 Waingereza walimweka Omar bin Hamid, mtu wa ukoo ule ule wa Nabahani, kuwa Sultani wa Witu, naye alibaki katika cheo hicho hadi 1923. Utawala wake wa muda mrefu na wa utulivu ni ushahidi mkubwa zaidi wa hoja kuu kuliko vita vyenyewe: alitii kwa sababu hapakuwa na Brenner wala Denhardt wa kumwandikia.

Juu ya mto mambo yalikuwa ya haraka na ya kikatili zaidi, ingawa yanakumbukwa kwa uchache. Mwaka 1889 misafara miwili ilipanda Tana ikishindana. Mmoja uliongozwa na J. R. W. Pigott wa kampuni ya Kiingereza, ambaye alifanya mapatano na viongozi wa Waorma. Wa pili, uliofuata miezi michache baadaye, uliongozwa na Carl Peters, aliyedai kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta, lakini nia yake ikiwa ni kupanua eneo la Ujerumani. Waingereza walimzuia kutua kwa njia ya kawaida, naye akapenya kupitia ghuba iliyo kaskazini ya Lamu akiwa na wapagazi wa pwani na askari wachache wa Kisomali, kisha akafuata mto akila nafaka ya Wapokomo, aliyoipata mara kwa kununua na mara kwa vitisho. Katika kijiji cha Waorma alichokiita Oda-Boru-Ruva, katika sehemu za kati za mto, alijenga kituo, akagombana na wenyeji, akawashambulia usiku na kumuua sultani wao Hugo, na baada ya hapo akatiliana mkataba wa ulinzi na Gollo, kiongozi aliyefuata. Habari hizi aliziandika Peters mwenyewe, bila kuona haya.

Mkataba uliotiwa saini juu ya kaburi bichi ni vigumu kuuita mafungamano, na mwanahistoria mwenye haki anapaswa kuutenga na ule wa Ahmed wa Witu, ambaye alichagua. Hata hivyo Waorma wa Tana walikuwa na sababu zao za kumsikiliza mgeni mwenye bunduki, wakiwa wamebanwa na Wasomali kwa upande mmoja, Wamasai na Wakamba kwa upande mwingine, na idadi yao imepungua mno. Masikitiko ya kisa hiki ni kwamba gharama waliyoilipa haikuwanunulia chochote: mwezi Julai 1890 mkataba wa Gollo ulikufa pamoja na ule wa Witu, kama ulivyokufa mkataba ambao Peters huyo huyo aliufanya na Kabaka Mwanga wa Buganda mwanzoni mwa mwaka huo.

Aina nyingine ya mafungamano, yenye kelele chache na maisha marefu, ilikuwa ile ya vituo vya misheni. Wamethodisti wa Kiingereza, ambao kwa miaka mingi Thomas Wakefield alikuwa akiwatafutia njia ya kuwafikia Waorma, walifungua kituo Golbanti katika miaka ya 1880, na Waorma walijenga karibu nacho kwa matumaini ambayo hayakuwa ya dini pekee. Tarehe 3 Mei 1886 Wamasai walikivamia na kumuua mmishenari John Houghton na mkewe Annie pamoja na baadhi ya wakazi. Tukio hilo lilionyesha wazi kwamba Mzungu asiye na jeshi hakuwa ngome, lakini Waorma na Wapokomo hawakuliacha wazo la kutafuta hifadhi kwa wamishenari. Mwaka 1887 misheni ya Kijerumani ya Neukirchen ilianza kazi Ngao, na Ferdinand Würtz akajifunza Kipokomo hadi akakiandikia sarufi. Kwa Wapokomo wa chini, waliotozwa na Witu na kuvamiwa na wafugaji, kituo cha misheni kilitoa kitu ambacho gasa haikuweza kukitoa, yaani msemaji aliyeweza kuandika barua kwa watawala wa mbali. Kwa malipo yake kilidai kitu ambacho gasa haikuweza kukitoa bila kujiumiza: vijana, na baadaye heshima ya ngadzi yenyewe. Hapa pana hasara ya kweli, na si haki kuifunika kwa kutaja shule na zahanati, kama ambavyo si haki kuwasimanga wazee waliopeleka watoto wao Ngao wakati mashamba yao yalikuwa yakichomwa.

Vita vilipozuka mwaka 1914, wamishenari wa Ngao wakawa raia wa taifa la adui katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza. Wapokomo kwa mara nyingine walijikuta na rafiki ambaye hali yake iliamuliwa na ugomvi usiowahusu.

Upande wa mashariki na kaskazini Waingereza walipaswa kutafuta marafiki wao wenyewe, kwa sababu Jubaland, nchi ya kuelekea Mto Juba, ilikuwa kubwa na askari walikuwa wachache. Waherti wa Kismayu, Wasomali waliofika kwa njia ya bahari na kuishi kwa biashara, waliona faida ya serikali inayolinda bandari na misafara, ilhali Waogaden wa nyikani waliiona serikali hiyo kuwa jirani mwenye kutoza faini za mifugo bila kutoa malisho. Afisa Arthur Jenner alipouawa na Waogaden mwezi Novemba 1900, jeshi lilipelekwa mwaka 1901 na likarudi na ng'ombe wengi kuliko ushindi. Kwa hiyo utawala ulibaki kuwa mchezo wa kuegemea ukoo huu dhidi ya ule, huku viongozi wakilipwa posho na kunyimwa walipokaidi. Mwaka 1916 Waaulihan, ukoo wa Kisomali ulioongozwa na Abdurrahman Mursal, waliivamia ngome ya Serenli na kumuua Luteni Francis Elliott, na serikali ikakiacha kituo hicho kwa muda. Hapo upo ukweli ambao hautajwi vya kutosha: mahali ambapo jamii ilikuwa na ngamia, nafasi ya kuhama na mpaka wa taifa jingine karibu, uwezo wa kumwacha rafiki ulidumu takriban miaka 25 zaidi kuliko kwa mkulima wa mtoni. Mkulima mwenye shamba la mafuriko hakuwa na pa kwenda.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mifugo ya Wasomali ilikwisha kufika ukingo wa Tana, na swali la nani amlinde nani likageuka kuwa swali la nani akae wapi. Waorma wa magharibi ya mto waliitaka serikali iwazuie Wasomali wasivuke. Serikali, ambayo ilitaka kodi, ng'ombe wasio na maradhi na wafugaji waliotulia, ikapata katika ombi hilo sababu ya kuufanya mto kuwa mpaka. Mwaka 1919 yalisimamiwa makubaliano kati ya Wasomali na Waorma kuhusu wale waliokuwa chini ya sheegat, wanaojulikana kama Wardei, na swali la nani avuke kwenda ukingo wa kulia na aende na mifugo gani. Ni vigumu kuyahukumu makubaliano hayo kwa neno moja. Kwa familia ya Kiorma iliyobaki na hofu kwa nusu karne yalikuwa ahueni. Kwa nchi yote yalikuwa mwanzo wa desturi mpya, ambayo kwayo mtu huulizwa kwanza kabila lake ndipo aambiwe ukingo wake, jambo ambalo utaratibu wa zamani wa kujiunga, kuoana na kuhama ukoo haukulijua kwa ukali huo.

Ulinganisho na sehemu nyingine za Afrika ya Mashariki unasaidia kuona upekee wa Tana. Buganda iliungana na Waingereza dhidi ya Bunyoro katika miaka ya 1890 na kuzawadiwa ardhi ya adui yake, na deni hilo lilidumu hadi kura ya 1964 iliyorudisha wilaya mbili. Wamasai wa Lenana walipeleka vijana wao katika misafara ya Waingereza dhidi ya majirani, na mwaka 1911 ukatiwa saini mkataba wa kuwaondoa Laikipia. Merere wa Usangu aliwasaidia Wajerumani dhidi ya Mkwawa wa Uhehe ili arudi katika nchi aliyofukuzwa. Hao wote walikuwa na jeshi la kuuza, na kwa hiyo walipata bei, hata kama wengine walinyang'anywa baadaye. Jamii za Tana ziliuza vitu visivyosifiwa: nafaka, mitumbwi, kuni za kupikia mvuke wa meli ya kampuni, Kenia, iliyopanda mto mwaka 1891 chini ya F. G. Dundas, na elimu ya wapi maji yana kina na wapi mchanga umehama. Bila vitu hivyo hakuna Mzungu aliyepita Garsen. Lakini mwenye kutoa chakula na njia hakualikwa kugawana ushindi, na jina lake halikuandikwa kwenye mkataba, ndiyo sababu Wapokomo wanaonekana katika maandishi mengi kama watu waliokuwa pale tu, hali wao ndio waliofanya safari zote hizo ziwezekane.

Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia eneo la Jubaland ng'ambo ya Juba, na marafiki wa Kismayu wakahamishwa kutoka bendera moja hadi nyingine kwa namna ile ile iliyowapata watu wa Witu miaka 35 kabla. Katika nchi iliyobaki, Mto Tana uliendelea kutumika kama mstari wa kutenganisha wilaya za kaskazini na za pwani, na maandalizi ya mipaka ya majimbo kabla ya uhuru wa 1963 yaliacha swali la ukanda wa maili tatu upande wa mashariki wa mto, ambao wakulima wanaudai kwa sababu mashamba yao yako kingo zote mbili, na wafugaji wanaukataa kwa sababu ndiyo njia yao ya maji. Nanighi imo ndani ya ukanda huo unaobishaniwa, na madai yanayopelekwa leo mbele ya mahakama na tume za mipaka kati ya kaunti za Garissa na Tana River bado yanaitegemea michoro iliyofanywa na maofisa ambao kazi yao ilikuwa kuwaweka mbali watu ambao wao wenyewe waliwahi kuwachagua, kwa nyakati tofauti, kuwa marafiki.